Uzi: Memwari ya Master ya RI, mbona masomo tunamaliza lakini kuandika tunakwama?

#1 Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Jambo wote. Niko Master 2 ya Relasioni Internasionali (RI, uhusiano wa kimataifa) hapa Lubumbashi. Masomo yameisha, imebaki memwari, kazi ya mwisho ya utafiti. Nikiangalia promosio iliyotutangulia naogopa: walioanza walijaza oditoari, waliotetea kazi yao mbele ya juri unaweza kuwataja kwa majina. Na si wavivu. Wengine ndio waliokuwa wanatusaidia kazi za kikundi.

Nauliza wakubwa waliomaliza: mtu anakwama wapi hasa?

Mada yangu kwa sasa ni "Diplomasia ya Kongo na utafutaji wa amani katika Maziwa Makuu, kuanzia 1996 mpaka leo". Direkta, profeseri anayeniongoza, ameisoma, akapiga mstari mwekundu chini ya "mpaka leo", akanirudishia karatasi bila neno.

#2 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Mdogo wangu, ule mstari ndio jibu. Tangu 1996 mpaka leo una vita viwili, mazungumzo ya Sun City, misheni za UN MONUC na MONUSCO, Mkataba wa Addis Ababa wa 2013, mazungumzo ya Nairobi, Luanda, Washington, Doha. Ukianza kueleza kila moja utafika ukurasa wa 80 hujachambua kitu.

Kata. Chukua kitu chenye mwanzo na mwisho. Jeshi la kikanda la EAC, kwa mfano: Wakenya walitua Goma Novemba 2022, Desemba 2023 jeshi lote likaondoka. Kinshasa iliyoliomba ndiyo iliyokataa kuliongezea muda. Kwa nini? Hapo una swali, una muda, una wahusika, na matamko ya wakuu wa nchi yapo, yanasomeka.

Wanaokwama, kwa niliyoyaona, wanakwama siku ile ile wanayoandika titre, yaani kichwa cha kazi.

#3 Binti_Nguba (Bukavu)
Yaya_Kamalondo, nakubali nusu. Mada finyu nazo zinakufa. Hapa Bukavu kila mwaka kuna mtu anaandika "Mchango wa MONUSCO katika ulinzi wa raia Kivu Kusini". Ni finyu kabisa, ina jimbo na ina taasisi. Ila jibu linajulikana kabla hajafungua kitabu: mchango upo, changamoto zipo, mapendekezo haya hapa. Mtu akishajua atakachosema mwishoni, ataandika kwa nguvu gani? Anachoka katikati.

Kinachokosekana ni swali ambalo jibu lake linaweza kukushangaza. Mimi niliandika juu ya umeme wa mto Ruzizi. CEPGL, jumuiya ya uchumi ya nchi za Maziwa Makuu, iliundwa 1976 na Zaire, Rwanda na Burundi, na vita vya miaka ya 1990 vikailaza. Nchi hizo zikafika kupigana. Lakini mtambo wa Ruzizi II, wa kampuni ya SINELAC, unaomilikiwa na nchi zote tatu na umefanya kazi tangu 1989, uliendelea kuzipa zote umeme. Swali langu lilikuwa: kwa nini waya umedumu pale ambapo siasa ilikufa? Nilianza nikiamini ni kwa sababu ya mkataba mzuri. Nilipowasikiliza mafundi nikaanza kuelewa vingine: wanajuana, wanapigiana simu, na kila upande unajua ukizima kwa jirani na kwako kunazimika. Hipotezi yangu ya kwanza ilianguka, na juri waliipenda kazi hasa kwa sababu hiyo.

#4 Birere_Moja (Goma)
Mnaongea vizuri, lakini mnaongea kama watu wanaolala salama. Huku Goma, vita vya Januari 2025 vilifunga uwanja wa ndege, vikafunga benki. Mwanafunzi analipa minervali (ada ya chuo) vipi? Anasafiri kwenda kutafuta hati Kinshasa kwa njia gani? Mnatafuta sababu kwenye titre na hipotezi, wakati sababu iko mfukoni na barabarani.

Halafu kuna woga. Mada yangu ni wanawake wanaovuka Petite Barrière, mpaka wa kuingia Rwanda, kila asubuhi na mboga, unga na samaki wadogo kwenda Gisenyi na kurudi. Huwezi kutoa simu ukarekodi. Mama mmoja aliniuliza, "Nani amekutuma?" Nikamwonyesha kadi ya mwanafunzi, akaishika, akaigeuza, akaitazama nyuma kuliko mbele, akanirudishia, akaendelea na njia yake. Siku hizi siulizi kitu pale pale. Nanunua nyanya kwao, nazungumza, nikifika nyumbani ndio naandika, na daftari langu halina jina la mtu.

Hiyo kazi haiendi haraka. Mtu akisema wa Goma hatumalizi kwa sababu hatujui problematiki (swali la utafiti), anatuumiza.

#5 Binti_Nguba (Bukavu)
Pole, ndugu. Sisi Bukavu nasi tuko ndani ya hali hiyo hiyo tangu Februari 2025, kwa hiyo sikusemi vibaya. Na ujue mada yako ndiyo nzuri kuliko zote kwenye uzi huu mpaka sasa.

#6 Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Aksanti sana wote. Birere_Moja, umenigusa. Sasa nauliza kitu: kwa mfano wako, na mimi naweza kuandika juu ya Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia? Mjomba wangu ni deklarani (wakala wa forodha) pale, anajua kila ofisi. Ila mwenzangu mmoja ananiambia hiyo ni mada ya watu wa uchumi au wa duane (forodha), haina RI ndani.

#7 Mzee_wa_Ruashi (Lubumbashi)
Haina RI ndani?! Mwambie huyo mwenzako apande basi. Kilomita takriban 90 tu kutoka hapa. Atakuta makamio (malori) ya shaba yanayongoja kuelekea Durban na Dar es Salaam, na mengine yanayoingia na unga, saruji, mafuta. Lubumbashi inakula kupitia pale. Zambia ikikohoa, bei ya bukari (ugali) inapanda hapa kwenye komuni zetu za Kenya na Katuba wiki hiyo hiyo.

Na kumbuka Agosti 2024. Kongo ilipiga marufuku bia na sukare (soda) kutoka nje, Zambia ikafunga mpaka wiki mbili nzima. Nchi mbili za jumuiya za kanda, SADC na COMESA, majirani tangu enzi za mababu, zinafungiana mlango kwa sababu ya vinywaji. Kama hiyo si uhusiano wa kimataifa, ni nini?

#8 Asistanti_K (Lubumbashi)
Mzee, heshima zako, lakini si wiki mbili. Ilikuwa siku chache tu, mpaka ukafunguliwa baada ya mawaziri kuzungumza. Na upande wa Zambia haukutaja vinywaji peke yake, ulitaja pia maandamano yaliyokuwa yakiendelea Kasumbalesa upande wetu. Hizi tofauti ndogo ndizo juri wanazozishika. Ukiandika "wiki mbili" ukurasa wa 5, hawatakuamini tena mpaka ukurasa wa 100.

Mwana_Katuba, mada ipo. Lakini nikwambie ninachokiona kila mwaka nikisoma kazi za vijana, maana naona hapo juu mmesema upana, mmesema swali, mmesema feza, na hakuna aliyegusa nadharia.

Mwanafunzi anaandika hali ya swali, yaani waliyosema waliomtangulia: mwandishi wa kwanza alisema hivi, wa pili hivi, wa tatu hivi, kisha anafunga kwa sentensi ile ile ambayo mnaijua wote: "kazi yetu inatofautiana na zao kwa mazingira na kwa muda." Hiyo si tofauti. Kama wao waliandika Uvira 2010 na wewe unaandika Kasumbalesa 2024, umebadilisha ramani na kalenda tu. Tofauti ni kusema: wao waliona mpaka kama mahali serikali inapoonyesha nguvu, mimi naona mpaka kama mahali serikali mbili zinategemeana bila kupenda. Hapo umeingia kwenye mjadala.

Ugonjwa wa pili: sura ya kwanza ina wananadharia wa RI, Morgenthau, Waltz, Keohane na Nye, wote wamepangwa vizuri, na sura ya tatu hawatajwi hata mara moja. Nadharia imebaki mlangoni. Ukichagua nadharia ya kutegemeana, basi kila ukurasa ujiulize: nani anamtegemea nani zaidi? Zambia inahitaji soko letu na ada za makamio yetu. Sisi tunahitaji barabara yao na unga wao. Nani angeumia kwanza mpaka ungebaki umefungwa mwezi mzima? Hiyo ndiyo sura yako ya tatu.

Na tafadhali, ukisema unatumia mbinu ya dialektiki, tuonyeshe unaitumia wapi. Wengi wanaiandika kwa sababu kaka yao aliiandika.

#9 Kadutu_Juu (Bukavu)
Jamani Asistanti ameingia, kaeni sawa, zimeni simu.

#10 Mzee_wa_Ruashi (Lubumbashi)
Nimepokea sahihisho kuhusu siku. Lakini kohozi la Zambia liko pale pale!

#11 Kolwezi_Kwetu (Kolwezi)
Niseme jambo ambalo Asistanti hawezi kulisema kwa nafasi yake. Wengine tunakwama kwa direkta. Profeseri mmoja anaongoza memwari nyingi kuliko muda alio nao. Unampelekea sura, inakaa. Unampigia, yuko misheni. Anarudi, amesahau mlikubaliana nini, anakwambia ubadilishe kile alichokwambia ukiweke. Sitaji mtu wala chuo.

Kilichonisaidia: kila nilipopeleka sura niliweka juu yake ukurasa mmoja. Upande wa kushoto nimeandika "ulisema", upande wa kulia "nimefanya", na namba ya ukurasa. Sekreteri wa idara alikuwa ananiambia profa anasoma ule ukurasa wa juu akiwa amesimama, kabla hata hajaweka mkoba chini. Kazi yangu ikaanza kurudi haraka kuliko ya wenzangu. Alikuwa ana uchovu tu, na mimi nilimpunguzia.

#12 Asistanti_K (Lubumbashi)
Kolwezi_Kwetu, hilo la ukurasa wa juu nalichukua, nitawaambia ninaowafuata.

#13 Mama_Grace (Bukavu)
Nimesoma zote. Hakuna mwanaume aliyetaja nyumba. Mimi nina watoto watatu na duka. Mchana siandiki. Usiku umeme ukikatika siandiki. Naandika alfajiri kabla watoto hawajaamka, na nikisikia mmoja anakohoa chumbani sentensi inaishia pale pale. Kaka zangu kwenye promosio walikuwa wanakutana jioni kusahihishana kazi, mimi jioni niko jikoni. Mapendekezo waliyopeana kule sikuyapata.

Nimemaliza sura mbili. Nitatetea. Lakini mkihesabu sababu za watu kukwama, hiyo nayo muihesabu.

#14 Binti_Nguba (Bukavu)
Dada Mama_Grace, kama uko Bukavu niandikie pembeni. Nitakusomea sura zako, na nitakuja mimi kwako, usitoke.

#15 Himbi_Chini (Goma)
Kwa asiye na feza ya kusafiri, na asiyeweza kuhoji watu kwa sababu ya hali, kuna mada za hati. Kesi ya Kongo dhidi ya Uganda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Kongo ilifungua 1999, hukumu ikatoka Desemba 2005, fidia ikaamuliwa 9 Februari 2022: dola milioni 325. Kila karatasi iko kwenye tovuti ya mahakama kwa Kifaransa, bure. Na Rwanda nayo ilihukumiwa 2006, unaweza kulinganisha kesi mbili.

#16 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Hapana, hapana. Rwanda haikuhukumiwa. 3 Februari 2006 mahakama ilisema haina mamlaka ya kusikiliza, kwa hiyo haikuingia kabisa ndani ya kesi. Haikusema Rwanda ina kosa, haikusema haina. Ni tofauti kubwa sana, na kwa kweli hiyo ndiyo mada yenyewe: kwa nini mlango mmoja ulifunguka na mwingine ukafungwa, na Kinshasa ilijifunza nini kutoka hapo.

#17 Himbi_Chini (Goma)
Sawa, umeniongoza. Na fidia yenyewe: milioni 325 ziligawanywa, 225 kwa watu waliouawa na kuumizwa, 40 kwa mali, 60 kwa utajiri wa asili. Uganda ilianza kulipa Septemba 2022 kwa awamu za milioni 65. Ndani ya nchi ukaundwa mfuko wa kugawa, FRIVAO, wenye ofisi Kisangani. Mtu wa Kisangani aliyepoteza nyumba katika vita vya siku sita vya majeshi ya Uganda na Rwanda, Juni 2000, amefikiwaje na hukumu iliyosomwa The Hague? Naona pale RI na maisha ya watu vinakutana kabisa. Ningekuwa na nafasi ningeiandika mimi.

#18 Kadutu_Juu (Bukavu)
Mbona hakuna anayesema habari ya AI? Vijana wanaiandikisha memwari nzima sasa. Nilihudhuria utetezi mmoja, mtu wa juri akauliza: "Hiki kitabu ulichokinukuu ukurasa wa 34, kiko maktaba gani?" Kimya. Akauliza tena kuhusu kingine. Kimya. Vitabu vyenyewe havikuwepo duniani. Mama yake kijana alikuwa amekaa mstari wa mbele na kitambaa kipya, hakuelewa kwa nini mwanawe ameinamisha kichwa.

#19 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Hiyo inauma. Nami nasema: maazimio ya Baraza la Usalama yapo kwa Kifaransa, namba zake zinajulikana. 1925 la 2010 lililounda MONUSCO, 2098 la 2013 lililoleta brigedi ya kuingilia kati, 2717 la Desemba 2023 juu ya kuondoka kwake. Ripoti za Kundi la Wataalamu la UN nazo zipo. Mtu akisoma azimio moja tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, na kalamu mkononi, atapata mawazo yake mwenyewe. Baraza "linapokaribisha" jambo na "linapodai" jambo, nyuma yake kuna nchi zilizobishana usiku kucha.

#20 Mzee_wa_Ruashi (Lubumbashi)
Wakati wetu tulikuwa na fishi za karatasi ngumu ndani ya boksi la viatu. Memwari ilikuwa ya lisansi, huu mfumo wenu wa LMD haukuwepo. Tulipiga mashine, kosa moja unarudia ukurasa mzima. Lakini tulikuwa na lile lile tatizo ambalo mnalificha: sherehe. Mtu kazi imekwisha, direkta ametia sahihi, depo imefanyika (kazi imewasilishwa), hatetei! Kwa nini? Kostimu hana, bukari na samaki wa kuwapa wageni hana, familia kutoka Likasi na Kipushi wanataka kuja wote. Anasukuma kikao mpaka kikao kijacho. Nimewajua waliosukuma mpaka wakaacha.

#21 Birere_Moja (Goma)
Mzee, hilo ni kweli kabisa. Huku mwaka huu rafiki yangu alitetea, akatoka, tukanywa fanta barazani, basi. Baba yake alilia kwa furaha pale pale, hakuna aliyeuliza samaki.

#22 Mama_Grace (Bukavu)
Kwa mwanaume inawezekana. Mimi nikitetea bila kuwapikia shangazi zangu, nitasikia habari hiyo miaka kumi.

#23 Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Nimekaa na uzi huu usiku wote. Nimeandika upya, naomba mnikosoe kabla sijarudi kwa direkta:

"Kufungwa kwa mpaka wa Kasumbalesa Agosti 2024: kutegemeana na nguvu ya kujadiliana kati ya Kongo na Zambia."

Swali: kwa nini mgogoro ulimalizwa na mawaziri wa nchi mbili, wakati nchi zote mbili ziko ndani ya SADC na COMESA ambazo zina njia zake za kumaliza migogoro ya biashara? Hipotezi: kila upande ulijua hasara ingefika haraka kuliko taasisi za kanda.

#24 Asistanti_K (Lubumbashi)
Sasa tunaongea. Fafanua "nguvu ya kujadiliana": utaipimaje? Na usisahau Lobito, bandari ya Angola. Tangu makubaliano ya Oktoba 2023 kati ya Kongo, Zambia, Angola, Marekani, Umoja wa Ulaya na wengine, kuna njia ya reli kuelekea Atlantiki inayozungumzwa. Shaba ikipata mlango mwingine, utegemezi wetu kwa Kasumbalesa unabadilika, na hesabu ya mazungumzo nayo inabadilika. Kurasa chache tu zinatosha, isikumeze.

#25 Yaya_Kamalondo (Lubumbashi)
Asistanti, unampanulia tena! Tumetoka kumkata mtoto hapa, wewe unamrudishia reli mpaka Angola.

#26 Binti_Nguba (Bukavu)
Mimi naipenda. Swali langu moja: ukikuta nini utasema hipotezi yako imeanguka? Andika hilo leo, kabla hujahoji mtu.

#27 Kolwezi_Kwetu (Kolwezi)
Na upande wa Zambia utamhoji nani? Ukiwasikiliza wa kwetu tu, umeandika malalamiko ya Kasumbalesa.

#28 Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Binti_Nguba, nikikuta kwamba sekretarieti ya COMESA au SADC ilishinikiza na mawaziri wakafuata, imeanguka. Kolwezi_Kwetu, mjomba anasema ana mwenzake deklarani anayekaa Chililabombwe, wamefanya kazi pamoja tangu zamani na anaongea Kibemba na Kiswahili. Jumamosi tunavuka kwenda kwake. Lobito sijaamua. Yaya na Asistanti endeleeni kubishana, mimi nasoma.